"Nimefika Uhuru, vilima vya Toscana vitanishinda nini?"

Meseji imeingia jana usiku nikiwa nakwangua matope kwenye buti. Kaka mmoja yuko Dubai, anataka kuleta familia mwezi wa tisa, siku sita za kutembea kwa miguu, kasoma ratiba yangu yote kaangalia namba halafu kaniandikia: "Kaka, mji wenu wa juu kabisa uko mita 605. Mimi nimefika Uhuru. Ongeza kilomita bwana." Hii ni ya tatu mwaka huu. Nimemjibu kwa heshima zote, halafu nikakaa nikaona hapana, hili jambo niliandike mara moja likae, kila anayekuja na Uhuru yake namtumia linki.

Mi ni mtu wa Marangu. Kilimanjaro nimebeba mizigo ya watu tangu kijana, baadae nikawa msaidizi wa mwongozaji, kwahiyo mita 5,895 za kilele cha Uhuru nazijua na mlima naupenda, mtu asije akaniambia naudharau. Ila huu mwaka wa tisa naongoza watu huku Italia, kusini ya Siena, kwenye miji ya vilimani ya Pienza, Montalcino, Montepulciano, bonde zima la Orcia, na watu niliowaona wamekaa chini kwenye ngazi za mawe hawawezi kuinuka, wengi wao walikuwa wamepanda milima mikubwa kuliko chochote kilichoko hapa.

Urefu wa mji haukuambii kitu. Chukua siku ya kutoka Pienza kwenda Montepulciano, siku naipenda kuliko zote na ndiyo inayowatoa watu machozi. Pienza iko mita 491. Montepulciano mita 605. Mtu anatoa anapata 114, anafunga kitabu. Jamani, kati ya hiyo miji miwili hakuna daraja! Unatoka Pienza unashuka mpaka chini kwenye kijito, umeshapoteza urefu wako wote, ndipo unaanza kupanda Monticchiello ambayo iko mita 546, kijiji kidogo cha ukuta na mnara, unakula mkate na jibini ya kondoo pale, halafu unapanda tena kidogo, unafuata mgongo wa kilima, unashuka, unanyanyuka, unashuka mpaka kwenye kanisa la San Biagio, lile kubwa la mawe ya rangi ya asali lililoanza kujengwa 1518, liko peke yake kwenye majani nje ya mji. Hapo watu wanakumbatiana wanapiga picha wanadhani wamefika. Mji uko juu ya vichwa vyao. Ukijumlisha vipande vyote vya kupanda vya siku hiyo unapata mita 500 na zaidi, sio 114.

Na hapa ndio penyewe, ndio ninapotaka watu wanisikilize. Mlimani kwetu siku ina umbo lake, asubuhi una nguvu unapanda, polepole, mchana au jioni umefika kambi, kuna chai na bisi, umekaa. Geti la Marangu mpaka Mandara ni kilomita 8 hivi, unapanda kama mita 800, ni kupanda tu mwanzo mpaka mwisho, mwili unajua unachofanya. Na siku ya mwisho kabisa unashuka kwenda nyumbani. Miji ya vilimani ni kinyume. Umelala juu, kwahiyo siku inaanza na kushuka. Utalala juu, kwahiyo siku inaisha na kupanda. Kila siku. Yaani kipande kigumu kimewekwa saa tisa na nusu alasiri, jua limekupiga tangu asubuhi, maji yamebaki ya moto chini ya chupa, na kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakuna siku hata moja katika sita utakayomaliza kwa mteremko. Mtu aliyezoea mlima mmoja mkubwa anapanga nguvu zake kwa kilele kimoja, hapa anakutana na vilele vidogo vitatu kwa siku na cha tatu ndio chenye hoteli.

Montepulciano wenyewe wanajua mtaa wao ulivyo. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane wana mashindano, mitaa 8 ya mji inashindana kusukuma mapipa ya mvinyo, pipa moja kama kilo 80, vijana wawili wawili, zaidi ya kilomita moja ya kupandisha mpaka uwanja wa juu. Wameifanya ile njia kuwa mashindano kwa sababu ni ngumu, na hao ni vijana wanaofanya mazoezi mwaka mzima. Wewe unaifikia na kilomita 18 miguuni.

Watu wananiuliza kwani hawa walipenda nini kujenga juu juu hivi, wanajibiwa na vitabu vya watalii kwamba ni vita, ni ulinzi, na ni kweli, Siena na Florence walipigana mno, jamhuri ya Siena ilipoanguka 1555 waliobaki walikimbilia Montalcino wakashikilia mpaka 1559. Ila kuna sababu nyingine ambayo sisi ndio tungepaswa kuielewa haraka kuliko mtu yeyote, na nikiisema grupu la Waswahili linanyamaza. Malaria. Neno lenyewe ni la kwao, mala aria, hewa mbaya. Bonde la Chiana ambalo unaliona chini ukisimama Montepulciano upande wa mashariki lilikuwa dimbwi kwa karne nyingi, Leonardo da Vinci alilichora kwenye ramani mwanzoni mwa miaka ya 1500 likiwa limejaa maji, kazi kubwa ya kulikausha ikaendelea mpaka karne ya 19. Anayelala bondeni anaugua. Anayelala juu kwenye upepo anapona. Hawakujua ni mbu, walidhani ni ile hewa ya kinamasi, lakini miguu yao ilijua pa kwenda. Italia imetangazwa haina malaria 1970, juzi tu. Kwahiyo kile kipande cha mwisho unachokilalamikia, kuna mama alikipanda kila jioni akitoka shamba ili mtoto asishikwe na homa. Mimi nikikipanda nawaza hilo, na nimemzika mdogo wangu kwa malaria, kwahiyo nalisema polepole.

Tuje kwenye muda. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti anaitwa Naismith, ya 1892, saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa siku yetu ya kilomita 18 inakupa kama saa nne na nusu. Grupu langu linatumia saa saba, na chakula ndani. Kanuni sio mbovu, ni ya mtu mmoja mwenye nguvu, asiyesimama, kwenye baridi ya kwao. Haijui mtoto anataka kukojoa.

Na haijui kushuka. Hapa nivumilieni maana hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, watu wanaona kushuka ni mapumziko. Ukipanda, moyo na mapafu ndio vinalia, unaposimama dakika mbili vinatulia, yameisha. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku inajikaza, na hiyo inaichana vidogo vidogo bila wewe kusikia kitu siku hiyo. Unasikia kesho yake, au keshokutwa ndio zaidi. Ndio maana siku ya kwanza wote wanaimba, siku ya pili wanatembea, siku ya tatu asubuhi nawaona wanashuka ngazi za hoteli kinyumenyume wameshika ukuta. Hawajachoka kwa kupanda. Wamechoka kwa ile miteremko ya asubuhi waliyokuwa wanakimbia wakicheka. Nikisema "fupisha hatua, piga goti kidogo, usitupe uzito kwenye kisigino" sio kwamba nawachelewesha, naiangalia alhamisi yako.

Udongo nitaupitia haraka. Eneo kubwa hili lilikuwa chini ya bahari miaka milioni kadhaa iliyopita, ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu, kombe za baharini utaziokota mashambani. Ukikauka ni mgumu kama saruji. Ikinyesha mvua ya usiku mmoja tu unanata kwenye buti mpaka kila mguu una kilo zake za ziada, na kwenye mteremko unateleza kama sabuni. Siku hiyo naziacha njia za shambani nawapitisha barabara nyeupe za changarawe, ni ndefu zaidi na watu wananuna, sawa wanune. Na zile picha za mawimbi ya kijani zilizowaleta huku ni ngano kwa sehemu kubwa, sio mizabibu, mizabibu ya Brunello, ule mvinyo mwekundu wa huku, iko upande wa Montalcino kwenye udongo wa mawe mawe.

Mvinyo sasa, maana na wenyewe una hesabu yake. Kuna waliozoea kunywa na kuna wasiogusa kabisa, nusu ya wageni wangu wa Kiswahili hawagusi na wanakuja kwa mashamba na majengo na chakula, hilo halina tatizo hata kidogo, mzabibu ni mmea wa kuangalia kama mbuni wa kahawa, na mtu wa Kilimanjaro ananielewa. Kwa wanaokunywa, kuonja ni jioni. Sio mchana. Brunello mara nyingi inafika asilimia 14 na kupita, kwenye jua la saa saba, na bado unadaiwa kupanda, hapana. Nilishawahi kuruhusu mchana, kwa kubembelezwa, tukamaliza siku kwa teksi mbili na bwana mmoja aliyeanguka akachubuka mkono wote. Tangu hapo sibembelezeki. Na Vino Nobile, mvinyo wa Montepulciano, haitengenezwi na zabibu inayoitwa Montepulciano, hiyo ni zabibu nyingine inayosifika mkoa wa Abruzzo, hapa mji ni mji na zabibu ni Sangiovese, angalau asilimia 70. Brunello ni Sangiovese tupu, na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Basi, hilo limetosha.

Sasa yale ambayo mi mwenyewe sina uhakika nayo. Hizo mita 500 na zaidi, saa yangu ya mkononi yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa inanipa namba moja, simu inanipa nyingine, siku tofauti njia ile ile zinapishana mpaka mita 80. Simu inahesabu kila kutikisika kwa setilaiti kama umepanda. Kwahiyo ukiona ratiba imeandikwa mita 537 kamili, aliyeiandika amechagua moja. Fimbo za kutembelea naziamini sana kwenye mteremko wa udongo, kwenye mawe ya mjini zinateleza na nawaambia wazikunje, lakini nimeona wazee wanaoshuka vizuri zaidi nazo hata pale pale kwenye mawe, kwahiyo sijui. Na kuna hili la kugeuza njia, kuanzia Montepulciano kumalizia Pienza. Nimefanya mara nne. Mji wa mwisho unakuwa wa chini zaidi na hakuna ule mtaa wa mapipa, ila kupanda kutoka kijitoni kwenda Pienza hakuna kivuli na jua la alasiri liko usoni. Mara mbili watu walifika wazima sana, mara mbili walifika hoi kuliko kawaida. Grupu zilikuwa tofauti, joto lilikuwa tofauti, siwezi kukwambia ni njia au ni watu.

Kaka wa Dubai, kilomita sijaongeza. Nimepunguza mbili siku ya tatu kwa ajili ya mama yako. Usiniulize tena mji uko mita ngapi, niulize jumla ya kupanda ni ngapi na kupanda kwa mwisho kuko wapi, hayo nitakujibu siku kwa siku. Na mazoezi umeniuliza ufanye nini huko kwenye tambarare. Maghorofa mnayo. Chukua lifti mpaka ghorofa ya 20, wewe na mkeo na watoto, mshuke kwa ngazi, polepole, goti limepinda kidogo, mara tatu kwa wiki kuanzia sasa. Lifti kupanda, ngazi kushuka. Umenijibu asubuhi hii ukasema nimeandika kinyume. Sijaandika kinyume, soma tena pale kwenye breki.