Nia ya Kweli katika Maombi ya Vyuo vya Marekani

Wanafunzi wa Afrika Mashariki ninaowashauri kuhusu udahili wa Marekani huniuliza mara nyingi kama vyuo hupima kweli hamu ya mwombaji ya kujiunga na chuo husika. Vingine hupima, vingine havipimi kabisa, na hakuna haja ya kubahatisha. Vyuo vingi huko hutoa kila mwaka taarifa iitwayo Common Data Set, ambayo sehemu yake ya C7 hutaja vigezo vya udahili na uzito wa kila kimoja, hamu ya mwombaji ikiwemo. MIT na Stanford haziihesabu. University of California vivyo hivyo.

Vinavyoijali vina sababu ya kimahesabu. Chuo hukubali watu wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa kuwa baadhi yao watakwenda kwingine. Wakija wachache mapato ya ada hupungua, wakija wengi mno mabweni hayatoshi. Ndiyo maana ofisa wa udahili hutaka kujua kama huyu, akipewa nafasi, atakuja.

Kutuma barua pepe kila wiki kuuliza yaliyokwisha kuandikwa kwenye tovuti ni kazi bure. Aliyeko Mbeya au Kisumu ahudhurie vikao vya mtandaoni, amwandikie ofisa pale tu anapokuwa na swali lenye uzito, kisha nguvu zake aziweke katika insha ya kueleza kwa nini anakitaka chuo hicho.

Chukua Colorado College, ambako tangu 1970 wanafunzi husoma somo moja tu kwa wiki tatu na nusu, kisha huhamia jingine. Anayesifu mandhari nzuri na walimu bora hajasema kitu, maana sifa hizo zingefaa chuo chochote. Lakini mpenda jiolojia anayeeleza kwamba utaratibu huo unaliwezesha darasa zima kukaa milimani siku kadhaa bila kukosa vipindi vingine, akaunganisha jambo hilo na miamba aliyoichunguza mwenyewe karibu na kwao, ameonyesha kwamba amekifikiria chuo hicho kwa dhati.

Njia nzito kuliko zote ni Early Decision, ombi la mapema ambalo kwa kawaida mwisho wake ni tarehe 1 au 15 Novemba, na ambalo mwombaji huahidi kwamba akikubaliwa atajiunga na kuondoa maombi yake mengine. Msaada wa fedha usipotosha, familia inaweza kuomba kuachiliwa ahadi hiyo. Hata hivyo, simshauri mtu yeyote kuitia saini kabla hajakaa na wazazi wake wakachunguza kama chuo husaidia wanafunzi wa kigeni, na kwa kiwango gani.