Ukinzani dhidi ya uozo wa mizizi kwenye malisho ya ardhi yenye maji

Mfuko wa mbegu ya alfalfa (lusini, malisho ya jamii ya kunde) ukiandikwa kwamba aina hiyo ina ukinzani dhidi ya uozo wa mizizi, usidhani kila mche utapona. Alfalfa huchavushwa na nyuki kutoka mmea hadi mmea, hivyo aina moja ni mkusanyiko wa mimea isiyolingana kinasaba. Ukinzani hupimwa kwa kuotesha mbegu kwenye udongo wenye vimelea na kuhesabu mimea iliyobaki na mizizi mizima. Ikizidi asilimia 50, aina hupewa daraja la ukinzani wa juu. 31 hadi 50 ni ukinzani wa kawaida. 15 hadi 30 wa wastani. 6 hadi 14 mdogo.

Daraja hutolewa kwa kila ugonjwa peke yake. Vimelea wawili ndio wasumbufu zaidi: Phytophthora, wa jamii moja na bakajani chelewa ya viazi, na Aphanomyces. Wote hutoa mbegu ndogo za uzazi (spora) zenye mikia, zinazoogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo hadi zikafika kwenye mzizi. Spora zao nyingine zina ganda nene na hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo kuacha shamba msimu mmoja hakusaidii kitu.

Chimbua mmea unaonyauka, uoshe, upasue mzizi mkuu kwa urefu. Phytophthora huacha madoa ya kahawia hadi meusi, na mara nyingi ncha ya mzizi imeshakatika. Aphanomyces ni mjanja zaidi: mche hudumaa na kuwa wa njano, vinundu vya mizizini vinavyonasa naitrojeni hupungua, na mkulima hukimbilia yurea akidhani ni njaa ya mbolea. Dawa ya metalaksili iliyopakwa kwenye mbegu hukinga mche dhidi ya Phytophthora kwa wiki za mwanzo, lakini Aphanomyces haiguswi nayo.

Tena, ukinzani huzuia kimelea tu, hauupi mzizi hewa. Kwa mfugaji wa Kigamboni au Bunju hili ndilo la kuzingatia kabla ya masika ya Machi hadi Mei: maji yakituama siku kadhaa kwenye joto la Dar es Salaam, alfalfa hufa hata bila ugonjwa wowote. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakinyonywa lijaze tena. Kama kesho yake bado yamo, inua matuta ya sentimita 20 hadi 30 na ufungue mifereji kabla ya kununua mbegu ghali. Panda kwa kina cha sentimita 1 hadi 1.5, si zaidi, maana mche unaochelewa kuchomoza hukaa muda mrefu zaidi mikononi mwa vimelea.

Na kama eneo lenyewe ni bonde linalofurika kila masika, achana na alfalfa kabisa. Panda nyasi za para kwa vipande vya shina. Hizo huvumilia maji.