"Uzi wa msimu" maana yake nini?

Ukimsikia kijana Kariakoo anasema "uzi wa msimu huu umetulia," ujue hazungumzii cherehani. Uzi ni jezi, na ukipanua maana ni seti nzima: jezi, bukta na soksi. Neno hili hubeba na tarehe ndani yake. Ligi Kuu yetu huanza Agosti hivi na kuisha mwaka unaofuata, ndiyo maana msimu huandikwa kwa miaka miwili, na uzi nao huitwa hivyo hivyo. Mtajie Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, "uzi wa 2022/23": kabla hajakumbuka kola ilikaaje, atakuanzishia habari za fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria.

Klabu kubwa kwa kawaida hutoa nyuzi tatu: wa nyumbani, wa ugenini na wa tatu. Majina haya yanadanganya kidogo. Wa nyumbani ndio wenye rangi za klabu: Simba nyekundu na nyeupe, Yanga kijani na njano, Azam bluu na nyeupe. Lakini wa ugenini haukushonwa kwa ajili ya safari. Sheria namba 4 ya soka inataka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, tena zisifanane na za waamuzi, na kipa awe na yake. Simba ikikutana na Al Ahly ya Misri, wekundu kwa wekundu, mmoja lazima abadilishe, mechi iwe Cairo au Temeke. Watani wa jadi, Simba na Yanga, hawana shida hiyo. Kila mmoja anaweza kuvaa wa nyumbani siku moja, na kweli wote wako nyumbani, Uwanja wa Mkapa. Mwenyeji ni wa kwenye ratiba tu.

Rangi zenyewe hazina mchezo. Yanga waliwahi kukataa nembo ya mdhamini wa ligi kwa sababu ilikuwa na doa jekundu, wakavaa yenye doa jeusi. Mgeni atacheka. Mimi nina shemeji wa Jangwani, yaani wa Yanga, ambaye hataki hata ndoo nyekundu bafuni kwake, kwa hiyo sikushangaa.

Uzi mmoja unaweza pia kuwa na vifua viwili. Msimu wa 2020/21 Simba walivaa jina la mdhamini wao SportPesa kwenye ligi, lakini kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kifuani palisomeka Visit Tanzania, maana mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, yana masharti yake kuhusu wadhamini. Ukiokota jezi ya zamani mtumbani, angalia kifua kwanza, utajua ilikuwa ya mashindano gani.

Mgongoni ndiko kwenye kamari: unaweka jina la mchezaji, naye anaweza kuhama dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Fundi anayebandika majina pale Msimbazi, kabla hajashusha pasi, hukuuliza tena: "Kaka, una uhakika na huyu? Dirisha dogo linakuja."