Nusu ya stendi: Freddie Mercury kwa masikio ya mwalimu wa kwaya

Pasaka moja nilipeleka kwaya ya vijana kutoka Mbeya kwenye tamasha Iringa. Katikati ya wimbo wa pili, stendi ya maiki ya mwimbaji kiongozi ikachomoka kitako. Kijana akabaki ameshika bomba tupu, juu maiki, chini hewa. Aliganda. Sauti ya kwanza wakaburuza mistari miwili peke yao, fundi mitambo akapanda jukwaani akiinama-inama kama aliyeangusha sarafu, na watu wakacheka. Kwenye basi la kurudi, tangu Mafinga hadi Makambako, hakuna aliyefungua mdomo.

Baada ya Makambako nikawaambia: yuko mwimbaji mmoja yalimkuta hayohayo, mwanzoni kabisa mwa safari yake, kitako kikachomoka onyesho likiendelea. Hakukitafuta. Aliendelea kuimba na ile nusu ya stendi mkononi, akaona inampa uhuru wa kuzunguka jukwaa zima, na tangu siku hiyo hakutaka tena stendi nzima. Ile nusu ikawa gitaa, ikawa upanga, ikawa fimbo ya mfalme. Ukiiona kwenye picha leo huhitaji kuuliza ni nani.

"Mwalimu, huyo si Mzungu?" akauliza mmoja wa sauti ya nne.

Hapana, ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Basi likachangamka.

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa kwa jina la Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, waumini wa dini ya Zarathustra, na baba alikuwa keshia katika serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na akaunda bendi ya wanafunzi, The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Januari 12 mwaka uliofuata yakatokea Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, kitongoji cha Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana wa miaka 17, amevuka bahari mara tatu, kila mara anaanza upya na lafudhi mpya. Mimi huwa naanzia hapo nikitaka kuelewa mbwembwe zake. Aliyelazimika kujitambulisha upya kila anapofika hujifunza kuingia mlangoni kwa namna ambayo watu watageuka.

London alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing. Nembo ya bendi yake, yenye simba wawili, kaa na wasichana wawili wenye mabawa, aliichora mwenyewe kutokana na nyota za kuzaliwa za wanabendi wote wanne. Na kabla ya pesa kuja, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda Kensington Market wakiuza nguo kuukuu. Mitumba, kwa lugha yetu. Waliowahi kuchambua belo sokoni Mwanjelwa alfajiri wanaijua elimu ile: kuliona koti kwenye rundo na kumwona tayari mtu atakayelivaa.

Bendi ya Queen ilianza mwaka 1970, na John Deacon wa gitaa la besi akakamilisha kikosi mwaka 1971. Mlolongo wa albamu zao sitauhesabu hapa. Nataka kuzungumzia koo.

Watu husema alizaliwa na sauti ile. Alikuwa na meno manne ya ziada yaliyosukuma meno ya mbele nje, akakataa kuyang'oa kwa kuogopa sauti itabadilika. Mimi siamini kwamba siri ilikuwa kwenye meno. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa rekodi zake, na matokeo yake ninayapenda kwa sababu yanavunja ushabiki. Sauti yake ya kuzungumza, kwenye mahojiano, ilikuwa ya chini, ya baritoni, wastani wa hezi 117, yaani mitetemo 117 kwa sekunde. Kumbe huyu tunayemsikia akipanda juu kama sauti ya tatu aliyezaliwa nayo alikuwa jirani wa besi. Alipanda kwa kazi. Mtetemo wa sauti yake ulikwenda karibu mara 7 kwa sekunde, haraka kuliko kawaida ya waimbaji waliofunzwa, na haukuwa wa kulingana kila mara. Ndiyo maana noti yake ndefu haikai kama waya ulionyooka, inapepea kama mwali wa mshumaa.

Na koo lile liliugua. Katika ziara ya Marekani mwaka 1975 baadhi ya maonyesho yalifutwa kwa sababu ya matatizo ya koo, na vinundu kwenye nyuzi za sauti vilimsumbua kwa muda mrefu. Sasa sikiliza rekodi za jukwaani kisha uzilinganishe na za studio. Mahali pengi, noti ya juu anaishusha, anapita njia nyingine ya chini, na kwa juu unamsikia Taylor. Waimbaji wangu wa Uyole, wanaokohoa Juni nzima kwa baridi na bado wanalazimisha kilele, hili ndilo nataka walisikie kwanza. Kushusha noti si aibu kama unajua unakoelekea.

Wimbo ninaoutumia zaidi darasani ni ule wa mwaka 1976, "Somebody to Love". Aliutunga akivutiwa na mwimbaji Aretha Franklin na kwaya za Injili za Wamarekani weusi. Ukifunga macho unaona kwaya ya watu mia, majoho na yote. Ni watu watatu tu: Mercury, Taylor na mpiga gitaa Brian May, wameimba kila sehemu tena na tena, tabaka juu ya tabaka. Mbinu hiyohiyo walikuwa wameitumia mwaka 1975 kwenye "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio hata kimoja, wenye neno "Bismillah" katikati yake. Utepe wa kurekodia ulipitishwa mara nyingi hadi ukachakaa. Nimejaribu kuwagawia vijana sehemu za "Somebody to Love" kwa nota za do-re-mi. Siku ya kwanza tulipotea kwenye ubeti wa pili. Siku ya nne sauti ya pili waligundua kwamba sehemu yao peke yake haina utamu wowote, ni kama ugali bila mboga, na ndipo wakaanza kusikilizana.

Ukitaka kuona mbwembwe zilivyokuwa kazi, tazama tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Watu kama 72,000, muda wa dakika 20 na ushee. Mtu aliyezoea suti za kumetameta alivaa singleti nyeupe na suruali ya jinzi. Hakuna taji, hakuna joho. Anasimama na ile nusu ya stendi, anatoa mlio, "eee-o", uwanja unarudisha. Anaukunja, unarudisha ulivyokunjwa. Anaurefusha mpaka unaona watu wanaishiwa pumzi, nao wanarudisha. Sisi hatuhitaji kufundishwa hili. Kila msiba na kila harusi ya Nyanda za Juu ina mtu wa kuongoza na watu wa kuitikia. Ila yeye alitupa mlio mmoja hadi mstari wa mwisho wa uwanja, akamfanya wa nyuma kabisa ajione ameitwa kwa jina.

Doa lipo pia. Oktoba 1984 Queen walipiga muziki kwenye kituo cha starehe cha Sun City, Afrika Kusini, ubaguzi wa rangi ukiwa bado sheria, wakati wanamuziki wengi wa dunia wamegoma kwenda. Walitozwa faini na chama cha wanamuziki cha Uingereza. Mzaliwa wa Zanzibar, jamani! Wembley mwaka uliofuata haikulifuta hilo.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki, miaka 45. Hapa kwetu habari za mwanamuziki wa London hazikuwa na uzito. Mbeya, Iringa na Njombe tulikuwa na za kwetu. Kwaya niliyoanzia kuimba miaka ya tisini iliimba misibani kuliko ibadani, na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Tulisema "homa". Kwa hiyo sina haraka ya kumlaumu mtu aliyekaa kimya hadi siku ya mwisho.

Mei 1991, kule Montreux, Uswisi, aliingia studio akiwa dhaifu, akarekodi "Mother Love". Ubeti wa mwisho ulibaki. Alisema amechoka, ataumalizia akirudi. Hakurudi, na ubeti ule ukaimbwa na Brian May. Wimbo ulitoka mwaka 1995. Huwa nauweka darasani bila kueleza chochote, nimekaa nyuma ya kinanda, nikitazama ni nani atanyanyua kichwa sauti inapobadilika.