Moyo mgumu: maana yake katika Biblia

Hapa Malindi ukisema fulani ana moyo mgumu, wengine wataelewa kwamba hana huruma, na wengine watadhani unamsifu: amefiwa na hakulia, au amekwenda baharini wakati wa kusi bila hofu. Biblia ina maana yake nyingine. Moyo mgumu ni ule unaoitwa urudi kwa Mungu ukakataa, hata mateso yakimbana mwenyewe kila upande.

Neno la kushika hapo ni kurudi. Toba tumeipata kwa Kiarabu, jirani zetu Waislamu wanaitumia kama sisi, na asili yake ni kurudi. Kiebrania cha manabii nacho hutumia kitenzi cha kurudi. Amosi 4 inataja njaa, ukame, mazao kuharibika, tauni na miji kuangamizwa, na kila baada ya pigo yanakuja maneno yaleyale, mara 5: "lakini hamkunirudia mimi". Isome kwa sauti, utamsikia mzazi aliyeacha mlango bila komeo mpaka usiku wa manane.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Farao, mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli waende zao. Watu wengi hukumbuka mapigo 10 na kuwasahau vyura. Kutoka 8 inasema waliingia mpaka kitandani kwake, kwenye tanuri na vyombo vya kukandia unga. Farao akamwita Musa amwombee. Musa akamuuliza, nikuombee lini? Akajibu: "Kesho." Mtu ana vyura kitandani, anapewa nafasi ya kuchagua saa ya kuondolewa taabu, na bado anaongeza usiku mmoja! Kila nikifika hapo husimama. Mimi naona kiburi humo. Kusema "sasa hivi" kungekuwa kukiri kwamba ameshindwa.

Kisha unakuja mstari wa 15: "Lakini Farao alipoona ya kuwa pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito." Kumbe kilichomshupaza ni nafuu. Maumivu yalipokuwa makali aliahidi kuwaachia, na vyura walipokufa wakarundikwa chungu chungu, ahadi nayo ikaoza. Ukitaka kuujua moyo wa mtu, au wako mwenyewe, usiutazame tu usiku wa homa. Utazame asubuhi homa ikishuka.

Je, si Mungu aliyeufanya moyo wa Farao mgumu? Swali hili halikosekani. Maandiko yanasema yote mawili, ila tazama mpangilio wake: Mungu alitangaza mapema kwamba atafanya hivyo, lakini katika mapigo yenyewe, pa kwanza panaposemwa kwamba BWANA ndiye aliyeufanya mgumu ni pigo la 6, la majipu. Kabla ya hapo Farao alikuwa ameshauzoeza mwenyewe. Nafikiria jiwe la matumbawe ambalo wazee wa pwani hii walilichonga nakshi. Likitoka baharini bichi ni laini, patasi inaingia bila taabu. Likikaa nje upeponi linakauka, linakaza. Hakuna saa moja unayoweza kuionyesha ukasema, hapa ndipo lilipokuwa gumu.

Kitabu cha pili cha Nyakati kinatupa mtu na mjukuu wake. Mfalme Ahazi, alipobanwa na adui, "wakati wa taabu yake" alizidi kumkosea BWANA, akafunga hata milango ya hekalu. Manase mjukuu wake alitenda maovu ya kutisha, akafungwa pingu akapelekwa Babeli, na huko alijinyenyekeza, akaomba, akasikiwa. Taabu iliwakuta wote wawili. Mmoja ilimfunga, mwingine ilimfungua.

Lakini lazima niseme jambo moja kwa nguvu zangu zote: dhana hii si rungu la kumpigia mgonjwa. Yesu alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageuzia waliosimama mbele yake wito wa kutubu. Rafiki za Ayubu walimsomea dhambi mtu aliyekaa majivuni, na Mungu aliwakasirikia wao. Na sisi wa huku hatuwezi kusema habari hizi bila kutaja msitu wa Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni humo, watoto wakiwamo, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Hiyo haikuwa toba. Yoeli alisema mrarue mioyo yenu, si mavazi yenu, na hakumwambia mzazi amnyime mtoto chakula.

Nimeuona ugumu huu kwa karibu. Baba mdogo wangu na baba hawakusemeshana miaka 9 kwa ajili ya mpaka wa shamba, na baba mdogo ndiye aliyeusogeza, alishaniambia mwenyewe. Alipolazwa na homa kali, usiku aliita jina la kaka yake mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaamka. Alfajiri baba alikwenda na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Homa ilikuwa imeshuka. Baba mdogo akautazama uji, hajala tangu jana yake, akasema, "Nimeshiba." Baba akamuuliza kama wanaweza kuzungumza. Akageukia ukutani.

"Kesho, kaka."

Baba alifunga kifuniko cha chupa, akaiweka kwenye kabati kando ya kitanda, karibu na mkono wake. Kesho yake alfajiri nilimsikia tena jikoni, akikoroga uji.