Je, Wajua Kwa Nini WiFi Huchukua Miaka Kuenea Kwenye Ndege Zote za Shirika Moja?

Unakwenda safari, WiFi ipo. Picha ya mawingu inawafikia wa nyumbani kabla hata chakula hakijagawiwa. Wiki moja baadaye unarudi na shirika lile lile, njia ile ile, na simu inabaki kuzungusha kiduara bila kupata mtandao. Mhudumu anakujibu kwa upole: "Ndege hii bado haijawekewa." Unakumbuka tangazo. Si walisema tangu mwaka juzi kwamba intaneti inakuja kwenye ndege zao zote?

Walisema, na pengine hawakudanganya. Ila kati ya tangazo na kiti chako kuna kazi ambayo abiria haioni, na ukiijua utaelewa kwa nini haiwezi kukimbizwa.

Neno WiFi lenyewe linatupotosha kidogo. WiFi ni ule mwendo mfupi tu kati ya simu yako na kifaa kilichofichwa juu ya dari ya kabini. Kutoka hapo mawasiliano hupita kwenye nyaya hadi kwenye seva na modemu, yakapanda hadi kwenye antena iliyo mgongoni mwa ndege, na antena ndiyo inayozungumza na setilaiti. Setilaiti nayo huyateremsha hadi kituo cha ardhini kilichounganishwa na intaneti. Katika mnyororo wote huo, shirika la ndege halirushi setilaiti wala halijengi kituo. Hivyo ni vya mtoa huduma. Lililo lake ni ndege. Na kinachokula miaka kiko hapo hapo kwenye ndege: paa, vibali na ratiba ya safari.

Tuanze na paa. Ndege ikiwa kilomita 11 juu, hewa ya nje ni nyepesi mno kwa binadamu, kwa hiyo kabini hujazwa hewa hadi ifanane na ya mlimani, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ya ndani na nje inausukuma ukuta wa ndege kwa nguvu inayozidi uzito wa tani tano kwa kila mita moja ya mraba. Ndege ikitua, ukuta unalegea. Ikipaa tena, unatanuka. Maelfu kwa maelfu ya mara katika maisha yake. Sasa mweke fundi juu ya paa hilo, keekee mkononi, atoboe matundu ya kufungia antena na kupitisha nyaya zake.

Hofu ya tundu hilo ina historia ya kuhuzunisha. Tarehe 10 Januari 1954, ndege aina ya Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria kibiashara, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Aprili mwaka huo huo nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples. Wachunguzi wa Uingereza walichukua bodi ya Comet nyingine wakaizamisha kwenye tangi la maji huko Farnborough, wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo la ndani, tena na tena, hadi ikapasuka. Na vipande vya paa vilivyoopolewa baharini karibu na Elba vilionyesha ufa ulikoanzia: penye matundu ya paani yaliyokatwa kwa ajili ya antena ya redio. Bati lilikuwa limechoka.

Ndiyo maana leo hakuna anayetoboa paa la ndege kwa kukisia. Penye tundu huwekwa kiraka cha bati, kikashikwa kwa ribiti safu kwa safu, ili nguvu iliyokuwa ikipita pale ipate njia nyingine ya kupita. Kila ribiti ina hesabu yake. Na kiraka hicho kikishawekwa, kinaingia kwenye orodha ya vitu vitakavyokaguliwa muda wote ndege ikiwa kazini.

Juu ya antena hufunikwa nundu, kama ile ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa malighafi inayopitisha mawimbi ya redio. Nundu hiyo inakutana na upepo wa karibu kilomita 900 kwa saa, barafu na radi. Inakutana pia na ndege wenzake, wale wa manyoya. Kanuni za usalama zinataka ndege ya abiria iweze kumaliza safari salama hata ikigongana na ndege mwenye uzito wa kilo 1.8 hivi, kwa hiyo anayeongeza nundu paani lazima aonyeshe kwamba haitang'oka ikapiga mkia. Zaidi ya hapo nundu ina uzito na inakinza upepo, na vyote viwili hulipiwa kwa mafuta, safari baada ya safari.

Baada ya paa, vibali. Ndege huruka kwa cheti kinachosema imeundwa hivi na si vinginevyo. Ukiongeza kitu kikubwa kama antena, unahitaji cheti cha nyongeza kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, ambayo Marekani ni FAA na Ulaya ni EASA. Na hapa ndipo wengi hushangaa: cheti hicho hutolewa kwa aina ya ndege. Aliyepata kibali cha kufunga mtambo kwenye Boeing 777 hajapata kibali cha Airbus A330. Paa ni tofauti, nyaya zinapita kwingine, umeme umegawanywa kwingine, vyombo vya rubani si vile vile. Shirika lenye aina saba za ndege lina safari saba za vibali.

Je, ni urasimu tu? Hapana, na kisa kimoja kinatosha kuonyesha. Wakati wa kupima mitambo ya WiFi kwa ajili ya kuithibitisha, iligundulika kwamba baadhi ya skrini za chumba cha marubani zilizotengenezwa na Honeywell, zilizofungwa kwenye Boeing 737 na 777, zilikuwa zinadhurika na mawimbi ya masafa ya WiFi, kiasi cha kuweza kupoteza taarifa. Skrini hizo ndizo zinazomwonyesha rubani kimo, mwendo na mwelekeo wa ndege yake. Mwaka 2014 FAA iliagiza skrini hizo zibadilishwe au zirekebishwe kwenye ndege zaidi ya 1,300 za Marekani, ikatoa muda wa miaka 5. Kasoro hiyo ilionekana kwenye majaribio, mahali panapofaa kuonekana. Bila majaribio yale ingesubiri hewani.

Hata baada ya kibali, macho hubaki wazi. Juni 2025 United Airlines ililazimika kuzima kwa muda mtambo wake mpya wa Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, kwenye ndege zake ndogo aina ya Embraer baada ya redio za marubani kuanza kupata mikwaruzo. Abiria walikosa intaneti, mafundi wakafanya kazi yao. Naona huo ndio mpangilio sahihi: redio ya rubani kwanza.

Sasa ratiba, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha ucheleweshaji wote. Ndege iliyo ndani ya hanga, yaani karakana yake, haiingizi kitu. Mitambo ya zamani ilihitaji siku kadhaa kwa kila ndege: dari ifunguliwe, viti vipishe, nyaya zivutwe kutoka mbele hadi nyuma, paa litobolewe, kila kitu kipimwe, dari irudishwe. Hakuna shirika linaloweza kuziondoa ndege zake zote kazini kwa pamoja, kwa hiyo linafanya jambo la busara: linasubiri ndege iingie kwenye matengenezo makubwa iliyokwisha kupangiwa, ambapo dari itafunguliwa hata hivyo, halafu linafunga WiFi humo humo. Matengenezo hayo hayaji kila mwezi. Ndege iliyotoka hanga wiki moja kabla ya kibali kupatikana inaweza kukaa mwaka na zaidi kabla zamu yake haijafika tena.

Ukubwa wa shirika na mchanganyiko wa ndege zake ndivyo vinavyoamua. Virgin America ilianza kufunga WiFi mwishoni mwa 2008, na Mei 2009 ikawa imemaliza. Ndege zake hazikufika 30, na zote zilikuwa za familia moja, Airbus A320. JetBlue yenye ndege zaidi ya 200 ilianza Desemba 2013, na ilikuwa Januari 2017 ilipotangaza kwamba kila ndege yake ina WiFi ya bure, tangu mlangoni hadi mlangoni. Emirates ilipotangaza Novemba 2025 kwamba itafunga Starlink kwenye ndege 232 za Boeing 777 na Airbus A380, mpango wenyewe ulipangwa ufike katikati ya 2027.

Kuna kikwazo kingine ambacho nadhani hakizungumzwi vya kutosha. Teknolojia huzeeka kabla ndege ya mwisho haijafikiwa. Boeing ilianzisha huduma yake ya Connexion, na Lufthansa ikaanza kuitumia Mei 2004. Vifaa vilikuwa vizito na wateja wachache, na mwisho wa 2006 huduma ikasitishwa. Walioifunga kwenye ndege zao wakabaki na mitambo isiyo na kazi. Kisha mwaka 2008 American Airlines ikaanza kutumia huduma ya kampuni iliyokuja kuitwa Gogo, ambayo haikutegemea setilaiti bali minara ya ardhini iliyoelekeza mawimbi juu. Ilikuwa rahisi kufunga, lakini ndege nzima ilipata takriban megabiti 3 kwa sekunde. Gawa hizo kwa abiria 150. Mwaka 2016 American ikaenda mahakamani Texas ikitaka nafasi ya kutoka kwenye mkataba wa Gogo, kwa sababu mshindani wake ViaSat ilikuwa na setilaiti yenye kasi zaidi, ingawa kesi yenyewe iliondolewa mapema. Shirika likikwama katikati ya njia namna hiyo, ndege zake zinabaki na vizazi viwili au vitatu vya WiFi kwa wakati mmoja. Abiria anaona jina moja ubavuni mwa ndege, kumbe ndani ni mitandao mitatu.

Na setilaiti zenyewe zimebadilika sana. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sambamba na Dunia, hivyo kutoka chini zinaonekana zimetulia. Ujumbe wako hupanda hadi huko na kushuka, kisha jibu linapanda na kushuka tena: zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde ya kungoja kwa kila ombi, na ukurasa mmoja una maombi mengi. Setilaiti za Starlink ziko kimo cha kilomita 550 hivi, kwa hiyo mwendo huo wa angani unashuka hadi chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Tatizo ni kwamba zinapita haraka, kilomita zaidi ya 7 kila sekunde, na antena lazima iachie moja na kudaka nyingine kila baada ya dakika chache.

Sahani ya zamani inayozungushwa kwa mota ingehangaika na kazi hiyo. Iliyochukua nafasi yake ni antena bapa isiyo na kinachozunguka: vipande vingi vidogo vinavyopeleka mawimbi kwa mpangilio wa wakati, hadi mwali mzima ukageuka bila chochote kusogea. Kwa kuwa ni bapa, nundu imepungua. Kwa kuwa ni nyepesi, kazi ya paani imepungua pia. Qatar Airways, iliyoanza safari za Starlink Oktoba 2024, ilieleza kwamba ufungaji kwenye Boeing 777 ulishuka kutoka siku 3 hadi saa 9.5 kwa ndege. United ilisema ndege zake ndogo za Embraer huchukua saa 8 hivi. Saa 8 ni usiku mmoja. Ndege inatua jioni, inafungiwa mtambo usiku, asubuhi inabeba abiria. Hapo shirika halilazimiki kungoja matengenezo makubwa, na hii ndiyo sababu kazi iliyokuwa ya miaka mitatu au minne inaanza kuhesabiwa kwa miezi.

Vibali vya masafa havijaguswa na maendeleo hayo. Kila nchi ina mamlaka yake ya mawasiliano, na mtoa huduma asiyeruhusiwa kurusha mawimbi juu ya anga yake lazima azime. Mtandao ukikatika ghafla katikati ya safari ukarudi baada ya saa moja, huenda mtambo hauna tatizo lolote. Mmevuka mpaka.

Basi ukitaka kujua kama ndege yako imefikiwa na zamu, itazame mgongo ukiwa kwenye chumba cha kusubiria. Nundu nyuma ya mabawa ni dalili nzuri, ingawa antena mpya zimekuwa bapa kiasi kwamba unahitaji kuangalia kwa ubavu ndipo uione. Baadhi ya mashirika huonyesha kwenye programu ya simu kama ndege iliyopangiwa safari ina WiFi. Angalia tena siku yenyewe ya kuondoka, kwa sababu tiketi inakuhakikishia safari, si ndege fulani, na iliyopangwa ikipata hitilafu asubuhi italetwa nyingine iliyo karibu, iwe imeshapita hanga au la.