Acheni kuniuliza ni jirani gani aliyewauza akina Frank

Nafundisha historia ya Maangamizi ya Wayahudi, na utafiti wangu ni wa ushuhuda wa watu wa kawaida waliokuwapo. Kila nikimaliza kipindi cha Uholanzi, baada ya amri, daftari na treni zote, mkono unanyooka nyuma ya darasa: "Sasa mwalimu, ni jirani gani aliyewauza akina Anne Frank?" Anayeuliza huwa ameshaamua kwamba jirani huyo yupo, kwamba alilipwa, na kwamba tukilijua jina lake kesi imekwisha. Safari hii nimeona niandike.

Ya msingi mnayajua, nayapitia mbio. Otto na Edith Frank, Wayahudi wa Ujerumani, walihama Frankfurt baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933, wakapanga nyumba Amsterdam, Merwedeplein 37, pamoja na mabinti zao Margot na Anne, yule aliyeandika shajara. Tarehe 6 Julai 1942, Uholanzi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, waliingia mafichoni nyuma ya ofisi ya Otto, Prinsengracht 263, na baadaye wakawa watu wanane humo. Walikamatwa 4 Agosti 1944. Edith alifia kambi ya Auschwitz Januari 1945. Margot na Anne walifia kambi ya Bergen-Belsen. Otto alirudi peke yake.

Sasa twendeni Merwedeplein. Majirani walioishi na familia hii kwa miaka walikuwa pale, na hao hakuna anayeniuliza habari zao.

Julai 1941 binti wa nyumba ya pili aliolewa. Mtu akapiga filamu bibi na bwana harusi wakitoka mlangoni, na kamera ikainuka kidogo: Anne yuko juu, ameegemea ukingo wa ghorofa, anachungulia kama mtoto yeyote anavyochungulia harusi. Ni sekunde chache, na hakuna filamu nyingine inayojulikana ya Anne akiwa hai. Mwaka mmoja baadaye, kabla ya kutoweka, alimkabidhi rafiki yake wa jirani gololi zake na seti ya vikombe vya kuchezea, amtunzie. Paka wake, Moortje, naye alibaki kwa majirani. Vita vilipokwisha, rafiki yule alitaka kumrudishia Otto zile gololi, na Otto akamwambia abaki nazo. Alizitunza kwa miongo mingi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wangu hulipita bila kulitazama. Nyumbani kuliachwa makusudi karatasi yenye anwani ya Maastricht, mji ulio karibu na mpaka, ili watu wadhani familia imetorokea Uswisi. Uvumi ukashika kasi. Familia ya van Pels, iliyoingia mafichoni wiki moja tu baadaye, ilikuja na habari za mtaani, na Anne akaziandika katika shajara yake. Kuna waliosema wamewaona akina Frank wote wakipita kwa baiskeli asubuhi. Mama mmoja akasema walichukuliwa na gari la jeshi usiku wa manane. Ukweli ni kwamba wazazi na Anne walitembea kwa miguu kwenye mvua, wamevaa nguo juu ya nguo, kwa sababu Myahudi aliyeonekana na sanduku angetiliwa shaka. Margot peke yake ndiye aliyekwenda kwa baiskeli, akiongozana na Miep Gies, mfanyakazi wa ofisi ya Otto.

Wiki moja! Si miaka hamsini, si uzee. Ndani ya siku saba mtaa ulikuwa umeshaona mambo ambayo hayakutokea, tena bila nia ya kudanganya. Kwa hiyo mtu anaponiletea ushuhuda uliotolewa miaka ishirini baada ya tukio, kwamba fulani alisikia sauti ya mwanamke kwenye simu iliyowachongea kwa polisi, nauliza kwanza: alimsikia nani, na alilijuaje? Habari ya kwamba simu ilipigwa inategemea sana maelezo aliyoyatoa Karl Josef Silberbauer, askari wa usalama wa Kijerumani aliyeongoza ukamataji. Bosi wake, Julius Dettmann, anayesemekana ndiye aliyeipokea, alijiua mwaka 1945. Mfanyakazi wa ghala la jengo lile alichunguzwa mara mbili, miaka ya 1940 na tena miaka ya 1960, ushahidi haukupatikana. Mwaka 2022 akatajwa hadharani mtuhumiwa mwingine, mjumbe wa Baraza la Wayahudi (chombo kilichoundwa kwa amri ya Wajerumani), na wanahistoria wa Uholanzi wakauvunja ushahidi huo kipande kwa kipande. Uchunguzi wa Jumba la Anne Frank, makumbusho yaliyo Prinsengracht, wa mwaka 2016 ulisema huenda hapakuwa na mchongezi kabisa: polisi wangeweza kufika pale wakifuatilia kuponi haramu za chakula, wakakuta watu. Mimi nauona uwezekano huo ni wa kweli, lakini siwezi kuuapia. Vitabu vya shule havipendi kusema hivi. Mimi nasema.

Lakini hata mchongezi akipatikana kesho, nani aliwaingiza akina Frank mafichoni? Barua. Tarehe 5 Julai 1942 Margot, mwenye miaka 16, aliletewa wito wa kwenda "kufanya kazi" Ujerumani. Wito ulimfikia mlangoni kwa sababu Januari 1941 Wayahudi wote waliamriwa kujiandikisha, na karibu wote walitii. Mei mwaka huo halmashauri ya jiji la Amsterdam ilichora ramani yenye nukta, kila nukta Wayahudi kumi, mtaa kwa mtaa. Aliyebuni kitambulisho kigumu mno kughushi alikuwa mtumishi wa serikali wa Kiholanzi, na cha Myahudi kiligongwa herufi J. Mtu wa Rwanda hahitaji kuelezwa mstari mmoja wa kitambulisho unaweza kufanya nini. Tramu za jiji zikawabeba watu usiku hadi stesheni, treni zikawapeleka kambi ya Westerbork, kisha mashariki. Waliosafirishwa kutoka Uholanzi ni takriban 107,000. Waliorudi ni kama 5,000. Wengi wao hawakuchongewa na yeyote. Walifuatwa kwenye anwani iliyokuwa daftarini.

Kwa nini Uholanzi ilipoteza takriban robo tatu ya Wayahudi wake, na Ufaransa robo moja? Utawala, jiografia, utii wa makarani, muda: kila mtafiti ana uzito wake anaoupa kila sababu, na sijasoma jibu lililoniridhisha.

Wachongezi walikuwepo, sikatai. Mwaka 1943 kikosi cha Henneicke, cha Waholanzi waliowasaka Wayahudi, kililipwa gulda saba na nusu kwa kila Myahudi kiliyemkamata. Ila majirani hawakuwa wa namna moja. Hendrik van Hoeve, muuza mboga wa Leliegracht, alikuwa akipeleka mboga ofisini kwa Otto. Aprili 1944, baada ya wezi kuvunja mlango wa ghala, aliona tundu, akaelewa kwamba ndani kuna watu, akaamua kutowaita polisi. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alikamatwa kwa kuficha Wayahudi wawili nyumbani kwake, akapitia kambi, akarudi hai. Huyo naye ni jirani. Alijua, na akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliwapa watu wanane miezi kadhaa zaidi.

Na kama ni jina mnalotaka, jina lipo. Silberbauer alipatikana mwaka 1963 akiwa inspekta wa polisi Vienna. Alisimamishwa, akachunguzwa, akarudishwa kazini. Katika wote walioniuliza jina la jirani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza yule aliyeingia ndani na kuwatoa alifanywa nini.